Sassoon: Jina la furaha lililozunguka dunia

UKIMUULIZA mtoto wa Kilifi au Malindi maana ya jina Furaha, atakucheka. Maana imo ndani ya jina lenyewe. Lakini je, msomaji, unajua kwamba Sassoon, jina ambalo huenda umeliona kwenye chupa ya shampuu ukalipita bila kulitilia maanani, lina maana hiyo hiyo?

Neno hili ni la Kiebrania, lugha ya kale ya Wayahudi, na hadi leo husikika katika baraka zinazosomwa maarusi wa Kiyahudi wanapofunga ndoa. Kwamba neno la arusini lilitoka Iraki, likaenda India, China, Uingereza hadi visiwa vya Bahamas, ni kisa kirefu. Ndani yake mna kifungo cha gerezani, meli, afyuni, mashairi na hoteli. Furaha imo, lakini si nyingi kama jina linavyoahidi.

Kwanza tuelewane jinsi jina la mtu mmoja linavyogeuka kuwa la ukoo. Hapa kwetu tunalijua jambo hilo. Mtoto wa Otieno huandikwa Otieno shuleni, naye mwanawe akaandikwa Otieno, na baada ya vizazi vitatu kuna ukoo mzima wa akina Otieno mjini ambao hawakumwona Otieno mwenyewe. Wayahudi wa Ulaya ya kati hawakuachiwa nafasi hiyo. Mnamo 1787 mfalme Joseph wa Pili wa Austria alitoa amri kwamba kila Myahudi katika himaya yake awe na jina la ukoo lisilobadilika, na Napoleon akafanya vivyo hivyo mwaka wa 1808. Wengine walijiita kwa miji yao, wengine kwa kazi zao.

Baghdad haikuwa na amri kama hiyo. Mtu aliitwa fulani bin fulani, basi.

Katika mji huo, mnamo 1792, alizaliwa mtoto aliyeitwa David. Baba yake alikuwa Sassoon bin Saleh, mwekahazina wa magavana waliotawala Baghdad kwa niaba ya Sultani wa Uturuki na pia kiongozi wa Wayahudi wa mji huo. Hao hawakuwa wageni. Wayahudi walikuwa wameishi nchini humo kwa zaidi ya miaka 2,000, tangu babu zao walipochukuliwa mateka hadi Babeli. Waliongea Kiarabu, wakavaa kanzu na vilemba, wakafanya biashara na kila mtu.

Mambo yaliharibika chini ya gavana aliyeitwa Dawud Pasha. Huyu aliwakamua matajiri wa Kiyahudi fedha kwa vitisho, na David akatiwa kizuizini. Baba yake, mzee aliyekuwa amekaribia miaka 80, alimkomboa kwa fedha, na kijana akatoroka usiku kwa njia ya mto kuelekea Basra, kisha akavuka hadi Bushehr katika pwani ya Iran. Inasimuliwa katika ukoo huo kwamba lulu zilikuwa zimeshonewa ndani ya joho lake. Baba alimfuata, akafariki huko huko Bushehr mnamo 1830.

Miaka miwili hivi baadaye David alihamia Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai. Huko, chini ya utawala wa Mwingereza, jina la marehemu baba yake ndilo lililokaa nyuma ya jina lake mwenyewe, na ndilo walilorithi watoto wake. Ukoo wa Sassoon ukazaliwa hivyo, kutokana na mzee aliyezikwa ugenini.

Wana wanane, bandari nyingi

David alijaliwa watoto 14, wanane kati yao wa kiume, na aliwatawanya wanawe bandarini kama mvuvi atandazaye nyavu. Elias alitumwa China mnamo 1844. Mwingine alifungua ofisi London mnamo 1858. Baba mwenyewe alibaki Bombay na mavazi yake ya Baghdad, na hata alipopewa uraia wa Uingereza mnamo 1853 alitia sahihi kwa herufi za Kiebrania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mnamo 1861, viwanda vya Uingereza vilikosa pamba, na wafanyabiashara wa Bombay waliokuwa na pamba ya India wakatajirika kupita kiasi. David alikuwa mstari wa mbele.

Hata hivyo, pamba haikuwa chimbuko kuu la ukwasi huo. Chimbuko lilikuwa afyuni.

Afyuni ililimwa India na kuuzwa China, ambako serikali ilijaribu kuipiga marufuku na kuishia kushindwa vitani mara mbili, kati ya 1839 na 1842, kisha kati ya 1856 na 1860. Baada ya hapo milango ilikuwa wazi. Akina Sassoon walibuni mbinu ya kuwalipa mapema waliokuwa wakiikusanya mashambani, hivyo wakaipata kwa bei nafuu kabla haijafika mnadani. Kufikia miaka ya 1870 walikuwa wameipiku kampuni ya Jardine Matheson, iliyokuwa ikivuma katika biashara hiyo. Huko China, nyumba kwa nyumba, akina baba walikuwa wakiuza mashamba ili wavute.

Wako wanaosema kwamba sheria ya wakati huo iliruhusu. Ni kweli iliruhusu, lakini mimi sioni kama jibu hilo linatosha, kwa sababu aliyekuwa akiuza alijua anachouza. Wala si haki kuufanya uovu huo kuwa wa dini fulani, kama wengine wanavyopenda kufanya. Waskoti walikuwamo, Waparsi wa Bombay walikuwamo, Wamarekani pia, na serikali ya Mwingereza nchini India ilijaza hazina yake kwa fedha hizo hizo.

Kinachotatiza ni kwamba mfuko huo huo ulijenga. Mjini Pune kuna hospitali kubwa ya umma iliyojengwa kwa msaada wa David na inayoitwa kwa jina lake la ukoo hadi leo. Ni humo Mahatma Gandhi alimofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo mnamo Januari 1924 akiwa mfungwa wa Waingereza. Taa za umeme zilizimika katikati ya shughuli, na daktari akamalizia kwa mwanga wa taa ya mafuta. Kuna masinagogi na maktaba. Na kuna gati la Sassoon, lililojengwa Bombay mnamo 1875 kwa ajili ya pamba na ambalo sasa ni soko la samaki. Mtu wa Mombasa akishushwa hapo alfajiri angeitambua harufu kabla hajafungua macho.

David alifariki mnamo 1864. Fahali wawili hawakai zizi moja: mwanawe mkubwa, Abdallah, alishika usukani, na miaka mitatu baadaye Elias akajitoa na kuanzisha kampuni yake. Tangu hapo kukawa na kampuni mbili za Sassoon zilizoshindana katika miji ile ile, kila moja ikijiona ndiyo halisi.

Farha awa Flora

Jambo moja la kuchekesha katika safari hii ni kwamba jina la ukoo halikuguswa, lakini majina ya kwanza yaliyeyuka kama barafu. Abdallah alipohamia London aliitwa Albert, na mnamo 1890 akapewa cheo cha kurithiwa cha ubaroneti. Mjukuu wake, Philip, akawa mbunge.

Farha akawa Flora. Bibi huyu anastahili kukumbukwa. Jina Farha ni la Kiarabu na linatoka mzizi mmoja na neno letu furaha, kwa hivyo Farha Sassoon ni kama kusema Furaha Furaha. Mumewe, Solomon, mmoja wa wana wa David, alipofariki mnamo 1894, mjane huyo hakukaa eda akangoja shemeji zake waamue. Aliingia ofisini na kuiendesha kampuni ya Bombay kwa miaka kadhaa, katika enzi ambayo mwanamke hakutarajiwa hata kusoma daftari la hesabu. Alijua lugha nyingi na sheria za dini ya Kiyahudi kiasi cha kujadiliana na marabi. Hata alipobadili jina na kwenda kuishi London mnamo 1901, aliposafiri aliandamana na wanaume kumi wa Kiyahudi, idadi inayohitajika kwa sala ya jamaa, ili asikose ibada njiani.

Wengine walilipa gharama kwa kwenda kinyume cha ukoo. Rachel, mjukuu wa David aliyezaliwa Bombay mnamo 1858, aliolewa na Frederick Beer, bwana aliyekuwa Mkristo, naye akabatizwa. Jamaa zake wakamtenga. Rachel akawa mhariri wa magazeti mawili ya London kwa wakati mmoja, The Observer na The Sunday Times, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya. Mnamo 1898 gazeti lake la The Observer lilichapisha habari kwamba afisa wa Kifaransa, Esterhazy, alikiri kughushi hati iliyomtia jela Alfred Dreyfus, nahodha wa Kiyahudi aliyesingiziwa uhaini. Mwanamke aliyefukuzwa na Wayahudi wenzake kwa kuacha dini akawa miongoni mwa waliomtetea Myahudi asiye na hatia.

Kaka yake, Alfred, alioa Mwingereza wa Kikristo naye pia akakataliwa, mama yake akamwombolezea kana kwamba amekufa. Alfred ndiye baba wa mshairi Siegfried Sassoon, aliyezaliwa mnamo 1886. Wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza wanamjua. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, akatunukiwa nishani ya ushujaa, kisha mnamo 1917 akaandika tamko la kupinga kuendelezwa kwa vita hivyo, likasomwa bungeni. Badala ya kumshtaki, wakubwa walimpeleka katika hospitali ya wanajeshi waliochanganyikiwa. Alilelewa mbali na mali ya Bombay na mbali na sinagogi, akiwa na jina la kwanza lililotolewa katika opera za Kijerumani na la pili lililotoka Baghdad.

Tawi la Elias nalo lilimalizikia kwa Victor, bwana aliyependa farasi na anasa. Mnamo 1929 alifungua hoteli ya Cathay katika ufuo wa Shanghai, jengo ambalo bado limesimama na sasa linaitwa Peace Hotel. Miaka michache baadaye karibu Wayahudi 20,000 waliokimbia utawala wa Hitler walifika Shanghai kwa sababu ilikuwa moja ya bandari chache zilizowapokea bila viza, na jengo jingine la Victor likatumiwa kuwapokea. Kisha wakaja Wajapani, na mnamo 1949 Wakomunisti wakautwaa mji. Victor alihamia Bahamas, akafariki huko mnamo 1961 bila mtoto.

Si wote ni ndugu

Sasa turudi kwenye chupa ya shampuu. Vidal Sassoon, msusi aliyebadilisha mitindo ya nywele za wanawake katika miaka ya 1960, hakuwa wa ukoo huu. Baba yake alitoka Thessaloniki nchini Ugiriki, naye Vidal alizaliwa London mnamo 1928 katika umaskini, akalelewa miaka kadhaa katika makao ya mayatima wa Kiyahudi. Alifariki mnamo 2012 akiwa tajiri kwa jasho lake.

Eliyahu Sasson, aliyepata kuwa waziri nchini Israeli, alizaliwa Damascus mnamo 1902. Naye waziri wa kwanza wa fedha wa Iraki alikuwa Myahudi aliyeitwa Sassoon Eskell, na hapo Sassoon ni jina la kwanza. Popote palipokuwa na Wayahudi wa Mashariki, mtoto aliweza kuitwa Furaha, na wajukuu wake wakabaki na jina hilo. Wayahudi wapatao 120,000 walipoondoka Iraki kwa ndege kuelekea Israeli kati ya 1950 na 1951, wengi wakiwa wamepoteza mali na uraia, akina Sassoon maskini walikuwamo pia, ambao hawakuwahi kuona gati wala hoteli.

Mwana wa Flora, David Solomon Sassoon, hakupenda biashara. Alikusanya vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono. Mnamo 1929 alinunua kwa pauni 350 Biblia ya Kiebrania iliyoandikwa yapata miaka 1,100 iliyopita, mojawapo ya zile kongwe zilizokaribia kuwa kamili. Baadaye ukoo huo uliiuza. Mnamo Mei 2023 iliuzwa tena, mnadani New York, kwa dola milioni 38.1, ikapelekwa katika jumba la makumbusho mjini Tel Aviv. Hakuna Sassoon aliyeiandika, na kati ya hiyo miaka 1,100 ilikaa mikononi mwao miongo michache tu. Lakini ukienda kuiulizia, utaiuliza kwa jina lao.