Nepi ya kitambaa haifuliwi kwa mahubiri

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukweli wa methali hii niliuonja mjini Kitale, nilipokwenda kumjulia hali mdogo wangu wa kike aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Anaishi katika chumba cha kupanga, kwenye ploti yenye mfereji mmoja unaotegemewa na familia kadhaa. Kando ya mlango wake niliona mfuko uliojaa nepi zilizokwisha kutumika, zile za kutupwa, ukimngoja mzoaji taka. Nami, kwa mazoea ya ualimu, nikaanza kuhubiri. Nilimwambia kwamba sisi sote tulilelewa kwa nepi za kitambaa kule nyumbani Bungoma, kwamba hizi za kutupwa zinamalizia fedha zake na kuchafua mazingira, na kwamba ingefaa arejee desturi ya mama yetu.

Alinisikiliza kwa adabu, kama ambavyo wadogo huwasikiliza kaka zao, kisha akanijibu: “Kaka, uliyoyasema ni ya kweli. Lakini mama alikuwa na kisima, tena alikuwa na sisi watoto wa kumtekea maji. Mimi nina mfereji unaotoa maji siku mbili kwa wiki. Wewe upo hapa hadi Jumapili. Zinunue hizo nepi, uzifue mwenyewe, ndipo tuzungumze.”

Nilizinunua, na nilizifua. Makala haya ni tunda la siku hizo nne za kuinamia ndoo. Sikubadili imani yangu kuhusu nepi za kitambaa. Nilichobadili ni fikira zangu kuhusu nani anayepaswa kuhubiriwa.

Ndugu msomaji, niruhusu kwanza nilitazame jambo hili kwa jicho la kazi yangu. Kamusi zetu zinalo neno winda, kwa maana ya kitambaa anachofungwa mtoto mchanga, nalo lina udugu na lile la kupiga uwinda, yaani kupitisha nguo katikati ya miguu na kuichomeka kiunoni. Baadaye tuliazima neno nepi kutoka kwa Waingereza, nalo likawa la kawaida nyumbani na hospitalini. Siku hizi maneno hayo mawili yanasukumwa kando na la tatu. Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilianza kuuza bidhaa yake ya Pampers mwaka wa 1961, na leo jina hilo limegeuka nomino ya kawaida midomoni mwetu. Mama huingia dukani akaomba pampasi, na muuzaji humpa ya kampuni yoyote ile, sawa na jinsi sabuni ya unga ilivyoitwa omo bila kujali jina lililochapishwa kwenye pakiti. Neno linapofikia daraja hiyo, wazo la kwamba kuna njia nyingine huanza kufifia. Mdogo wangu alipokuwa mjamzito alipewa orodha ya vitu vya kwenda navyo kujifungua; nepi ya kitambaa haikuwamo.

Hebu sasa tuiangalie pampasi yenyewe. Ndani yake mna nyuzinyuzi zitokanazo na miti, chembechembe za kemikali zinazofyonza maji na kuyageuza kuwa kama uji mzito, na matabaka ya plastiki yanayouzuia unyevu usitoke. Mtoto akishaitumia, huongezeka mkojo na kinyesi. Kitu hiki, ukikiweka kwenye taka zinazooza, plastiki yake haiozi. Ukikiweka kwenye plastiki za kurejelewa, kinyesi chake huzichafua. Ukikichoma uani, hakishiki moto vizuri kwa kuwa kimelowa, na kikishika hutoa moshi unaowasha macho. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza tangu nyumbani. Pampasi ni kama nomino isiyokuwa na ngeli: haina pa kuwekwa.

Kwa kukosa pa kuiweka, watu huitupa popote. Nyumbani kwetu Bungoma hakuna gari la taka linalofika, kwa hiyo pampasi za wajukuu huishia katika choo cha shimo. Mama yangu aliniambia, bila kicheko, “Mwanangu, zamani choo kilijaa kwa miaka, siku hizi kinajaa kwa likizo.” Kuchimba kingine ni gharama, na shimo lililojaa plastiki halinyonyeki kwa urahisi. Zisizoingia chooni hubebwa na mbwa, au huteremshwa na mvua hadi mitoni. Tukumbuke kwamba Mto Nzoia, uliolipa eneo la Trans Nzoia jina lake, hutelemka kutoka milima ya Cherangani ukapita Webuye katika kaunti ya Bungoma, kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kinachotupwa juu hakikosi wa kukipokea chini.

Ikiwa hali ni hiyo, kwa nini basi akina mama wasirejee kwenye kitambaa? Jibu la haraka, ambalo hata mimi nililibeba hadi Kitale, ni kwamba wamekuwa wavivu, au wamependa usasa. Jibu hilo si la haki. Nilikaa na mdogo wangu tukapiga hesabu pamoja. Katika duka la jirani, pampasi moja huuzwa kwa shilingi 20. Tukichukulia kwamba mtoto hutumia nne kwa siku, hizo ni shilingi 80. Kwa miaka miwili, yaani siku 730, mzazi atakuwa ametoa shilingi 58,400. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hukikausha.

Upande wa kitambaa, nilinunua dazeni mbili za nepi kwa shilingi 3,600, panti sita za plastiki kwa shilingi 900, ndoo mbili zenye vifuniko kwa shilingi 800, na pini pamoja na kamba kwa shilingi 200. Jumla ni shilingi 5,500. Tukaongeza sabuni ya shilingi 300 kila mwezi, ambayo ni 7,200 kwa miaka miwili, na mitungi miwili ya maji kila siku kwa shilingi tano kila mmoja, ambayo ni 7,300. Jumla kuu ikafika shilingi 20,000. Mzazi angeokoa shilingi 38,400, na nepi zingebaki kwa mtoto atakayefuata.

Hesabu hii inashawishi, lakini mna mtego ndani yake. Mdogo wangu anaweza kupata shilingi 80 leo, kwa kuwa ndizo anazobakisha baada ya kuuza mboga. Shilingi 5,500 kwa mkupuo ni pampasi za takriban siku 69, na mtoto hangoji siku 69 ndipo aanze kujisaidia. Maskini hununua kidogo kidogo, naye hununua kwa bei ya juu kwa sababu hana uwezo wa kununua kwa wingi. Hilo si kosa la tabia. Ni kosa la mfuko, na mfuko hautibiwi kwa nasaha.

Fauka ya hayo, kuna kazi yenyewe. Kila siku nilitumia takriban saa nzima: kuondoa kinyesi na kukitia chooni, kuloweka, kufua, kusuuza mara mbili, kuanika. Kitale hunyeshewa kwa miezi mingi ya mwaka, na nepi iliyoanikwa asubuhi yaweza kuwa mbichi jioni, ikabidi ikaushwe kwa pasi ya makaa. Ikiwa maji ni haba, mtu hushawishika kusuuza mara moja tu, na mtoto akatokwa na upele. Na ikiwa mfereji umekauka kabisa, atakwenda kufua mtoni, na hapo tutakuwa tumeondoa plastiki tukaingiza maradhi ya kuhara kwa wanaochota maji upande wa chini. Tena mama anayemwacha mwanawe kwa mlezi ili akafanye kazi huambiwa alete pampasi, kwani mlezi mwenye watoto kumi hana mikono ya kufua nepi za wote.

Basi nani aubebe mzigo huu? Hapa ndipo ninapoziita serikali zetu za kaunti, na siziiti kuomba hisani. Nimeisoma Katiba ya mwaka 2010 kwa makini ya mtu anayeishi kwa kuchambua sentensi. Sehemu ya Pili ya Jedwali la Nne, inayotaja kazi za kaunti, inaweka huduma za afya na uzoaji taka katika kifungu kimoja, cha pili. Kifungu cha tisa kinaweka pamoja vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Kifungu cha kumi na moja kinataja maji na usafi. Hospitali anakozaliwa mtoto, chuo kinachoweza kushona nepi yake, kituo anakolelewa, maji ya kuifulia na jaa inakotupwa pampasi, vyote viko mikononi mwa serikali moja. Kwa hiyo kaunti italipa kwa vyovyote vile. Swali ni iwapo italipa mwanzoni kwa kitambaa, au mwishoni kwa malori na majaa.

Wenzetu wamelitambua hili. Jijini London kuna halmashauri zinazowapa wazazi vocha za kununulia nepi za kufua, kwa kuwa zinajua zinalipia taka zinazokwenda kuzika au kuchoma. Utafiti uliochapishwa na wizara ya mazingira ya Uingereza mwaka wa 2023 ulionyesha kwamba nepi za kufua huchangia joto la dunia kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 25 kuliko za kutupwa. Sehemu kubwa ya madhara ya nepi za kufua kule hutokana na umeme wa mashine za kufulia na kukaushia. Sisi tunafua kwa mikono na kuanika juani, kwa hiyo gesi si shida yetu kubwa. Shida yetu ni maji na mikono.

Somo jingine tumelipata hapa nyumbani. Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza ada ya mazingira ya shilingi 150 kwa kila kilo ya nepi za kutupwa. Wazazi walilalamika, na serikali ikasema kwamba bidhaa zinazotengenezwa nchini zisingetozwa. Hatimaye, baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya vijana wetu, Rais alikataa kuutia sahihi muswada mzima mwezi wa Juni mwaka huo. Miaka saba kabla yake, Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nasi tukaizoea marufuku hiyo, kwa kuwa mtu aliweza kuchukua kikapu akaenda sokoni. Pampasi haina kikapu chake kwa mama asiyekuwa na maji. Kumtoza kodi kabla ya kumpa njia nyingine ni kumwadhibu kwa kuzaa.

Naziomba serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zifanye mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wao. Kwanza, kila mama anayejifungua katika hospitali ya kaunti arudi nyumbani na furushi la dazeni mbili za nepi na panti zake. Pili, nepi hizo zishonwe na wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti, ili fedha zisitoke nje ya eneo letu. Wakazi wa Malakisi, waliowahi kulima pamba na kuipeleka kwenye kinu cha huko, hawahitaji kufundishwa thamani ya uzi. Tatu, zijengwe sehemu za kufulia zenye maji, paa la kuanikia wakati wa mvua na mtaro unaoingia katika shimo, mbali na mto, zikianzia mitaa yenye mifereji ya kushiriki. Nne, vituo vya kulea watoto vipewe maji na mtu wa kufua anayelipwa mshahara, ili mlezi asimkatalie mtoto wa kitambaa. Wauguzi nao wairejeshe nepi katika orodha ya mama mjamzito, na wamweleze namna ya kuifua bila kuhatarisha afya.

Sisemi pampasi ipigwe marufuku. Usiku wa safari kutoka Kitale hadi Bungoma ndani ya matatu, hata mimi ningeichagua. Ninachosema ni kwamba mama awe na hiari ya kweli, naye hana hiari ikiwa upande mmoja una duka jirani na upande wa pili una mfereji mkavu.

Limebaki jambo moja, nalo haliihusu kaunti. Katika siku zile nne, majirani wa mdogo wangu walikuja mmoja mmoja kumtazama daktari wa falsafa akikamua nepi. Wengine walicheka, wengine walinihurumia, na mzee mmoja alimuuliza mdogo wangu kama nilikuwa mgonjwa. Hakuna aliyewahi kumkodolea macho dada yangu alipofanya kazi hiyohiyo. Waume na kaka tunaosifu nepi za mama zetu hatukuzifua sisi, na ni rahisi kuisifu desturi ambayo mgongo wako haukuilipia. Mkono mmoja haulei mwana. Jumapili nilipoondoka, mdogo wangu alizikunja zile nepi akaziweka kwenye kikapu, akaniambia atazitumia siku mfereji unapotoa maji. Siku nyingine, akasema, atanunua pampasi. Sikuwa na hoja ya kumjibu, kwani hoja yake ilihitaji bomba, wala si neno.