Theluji Katika Modeli ya Reli: Maneno Matano ya Kuangaliwa

Mwanafunzi wa Kibaha huiona Reli ya Kati ikipita Soga; mwenziwe wa Kisarawe huiona TAZARA ikipita Mzenga. Kutengeneza modeli ya reli hizo si jambo geni kwao. Lakini miongozo mingi ya sanaa hii imeandikwa katika nchi za baridi, nayo humtaka mtengenezaji aifunike mandhari kwa theluji, kitu ambacho pengine amekiona tu katika picha ya kilele cha Kilimanjaro. Hapo mfasiri ndiye macho yake. Neno likikosewa, kazi huharibika.

1. Theluji na barafu. Maneno haya huchanganywa, na asili yake yaeleza sababu. Theluji latokana na Kiarabu, ambamo laweza kumaanisha vitu vyote viwili. Barafu latokana na Kiajemi, ambamo maana yake ni theluji. Kiswahili kimeyagawia kazi: theluji ni chembe nyepesi za fuwele zinazoanguka kutoka mawinguni, barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Mfasiri akiandika "weka barafu juu ya paa", fundi atatafuta kitu king'aacho kama kioo, kumbe atakiwa kuchekecha unga mweupe usiong'aa juu ya gundi. Unga huo waweza kuwa kaolini iliyosagwa, udongo mweupe upatikanao katika vilima vya Pugu, Kisarawe. Ujae kati ya mataruma, lakini uso wa reli uachwe safi, kwa kuwa magurudumu huusugua.

2. Sakitu. Hii haianguki. Ni mvuke ugandao juu ya majani na vitu baridi wakati wa usiku. Kwa hiyo hupakwa kwa ncha ya brashi, si kwa chekeche.

3. Rundo la theluji. Upepo huikusanya theluji upande mmoja wa nyumba au wa njia. Baadhi ya wafasiri wangeliita tuta. Hata hivyo, tuta la reli tayari ni udongo ulioinuliwa ili njia ipite juu yake. Mwongozo ukiagiza "paka tuta rangi nyeupe", fundi hatajua ni lipi. Twapendekeza rundo.

4. Skeli na geji. Skeli ni uwiano wa modeli na kitu halisi. Geji ni umbali kati ya pande za ndani za reli mbili. Kwa skeli ya 1:87, geji ya milimita 1,435 ya reli ya kisasa huwa 16.5, ile ya 1,067 ya TAZARA huwa karibu 12.3, na ile ya 1,000 ya Reli ya Kati ya zamani, karibu 11.5. Skeli ni moja, geji ni tatu. Theluji nayo hufuata skeli: kina cha sentimita 30 huwa takriban milimita 3.5 tu.

5. Modeli. Mfano na kielelezo yameelemewa: la kwanza hutanguliza maelezo, la pili hutaja picha kitabuni. Modeli limekwisha kuzoeleka shuleni, libaki.

Twawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya mikononi mwa mafundi. Istilahi ambayo fundi hawezi kuifuata haijakamilika, hata ikiwa na asili njema.