Mzazi Aliyelipia Shule Sasa Aisimamie

Tangu Septemba 2019, shule ya msingi ya umma nchini Kongo ni bure. Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kusema hivyo katika kifungu cha 43, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ikalikazia jambo hilo, lakini ilibidi kusubiri mwaka wa masomo wa 2019-2020 ndipo maneno yale yatekelezwe. Kisangani, kama miji mingine, ilishuhudia madarasa yakifurika watoto ambao jana yake walikuwa nyumbani kwa sababu ya pesa. Hilo lilikuwa jema, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba halipaswi kurudishwa nyuma. Lakini kuna jambo lililotokea sambamba nalo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Kwa karibu miaka thelathini, mzazi wa Kikongo alishiriki katika shule ya umma kwa mfuko wake. Pesa hiyo ndiyo iliyompa sauti, hata kama ilikuwa sauti ya kunung'unika tu. Ada ilipoondolewa katika shule ya msingi, sauti ile nayo ilififia, na hakuna aliyeweka kitu badala yake. Kinachotakiwa kuwekwa ni usimamizi na utetezi wa shule, na wazazi wenyewe ndio wa kukidai.

Ili kuelewa tulivyofika hapa, tukumbuke kwamba dola ilizitaifisha shule za madhehebu mwaka 1974, kisha ikashindwa kuziendesha, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia saini mkataba na makanisa ili yarudi kuzisimamia kwa jina lake. Ndiyo maana hadi leo shule nyingi za umma mjini Kisangani ni shule za mkataba: za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu, za Waislamu. Mwalimu analipwa na serikali, shule inaongozwa na dhehebu. Mpango huo ulifaa wakati mshahara ulipokuwa unatosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi wa Zaire uliporomoka, walimu wakagoma, na ili watoto wasipoteze masomo, wazazi wakakubali kuwachangia walimu nyongeza iliyoitwa motivasioni. Ilikubaliwa kama msaada wa muda, lakini ikadumu zaidi ya robo karne.

Wengi waliolipa motivasioni na ada nyinginezo hawakujua pesa yao ilifika wapi. Wachache walioketi kwenye komite za wazazi walijua. Mama anayeuza sokoni alimpa mtoto noti zake, mtoto akazipeleka ofisini, akarudi na karatasi ndogo yenye muhuri. Kutoka pale, pesa haikubaki shuleni yote. Sehemu ilikwenda kwa walimu, sehemu kwa mkuu wa shule, sehemu ikapanda hadi ofisi ya sekta, nyingine hadi divisheni ya jimbo, na katika shule za mkataba nyingine ikaelekea kwenye uratibu wa dhehebu. Wahusika waliuita mgawanyo huo ventilasioni, na kila mwenye ofisi aliijua asilimia yake. Kwa maneno mengine, mzazi wa komuni ya Kabondo au ya Mangobo hakumlipa mwalimu wa mwanawe peke yake. Alilipia karatasi, mafuta na posho za ngazi zote zilizo juu ya shule. Mtoto asiye na risiti alirudishwa nyumbani, naye ofisa wa juu hakuulizwa hata mara moja alichofanya na fungu lake. Wazazi walikuwa wafadhili wakubwa wa elimu ya nchi bila kuwa wakaguzi wake.

Kisheria, nafasi ya ukaguzi ipo. Kila shule inatakiwa kuwa na komite ya wazazi, ile inayojulikana kama COPA, inayochaguliwa na wazazi wenyewe. Panatakiwa pia kuwepo baraza la uendeshaji, COGES, ambamo wajumbe wa wazazi huketi pamoja na mkuu wa shule na walimu kupanga matumizi. Juu zaidi kuna chama cha kitaifa cha wazazi, ANAPECO. Kwa upande wa sekondari, ambako wazazi bado wanalipa, viwango vya ada hupangwa kila mwaka kwa amri ya gavana wa jimbo baada ya mashauriano ambayo wawakilishi wa wazazi hushirikishwa. Hizi si zawadi ndogo. Tatizo ni kwamba viti hivyo aidha havina mtu, au vina mtu yuleyule mwaka hadi mwaka, aliyependekezwa na mkuu wa shule na kupigiwa makofi na wazazi kumi waliofika mkutanoni. Asiyekuwepo na lake halipo, na kwenye makaratasi ya shule sentensi hiyo huandikwa kwa lugha nyingine: "wazazi wameafiki".

Je, mzazi anayeijua hesabu ya shule hubadilisha chochote? Uganda inatupa ushahidi mzuri. Wachumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ambayo serikali kuu ilizitumia shule za msingi kwa ajili ya matumizi yasiyo ya mishahara. Waligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha hizo; nyingine zote ziliishia njiani, hasa kwenye ngazi ya wilaya. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila mwezi, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kile zilichopokea. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Watafiti wengine wamesema, kwa haki, kwamba mageuzi mengine ya wakati ule nayo yalichangia. Hata hivyo, shule zilizokuwa karibu na mahali magazeti yanapouzwa ndizo zilizonufaika zaidi, na hilo haliwezi kuelezwa bila watu kujua wanachostahili. Mzazi wa Uganda hakuongezewa mamlaka yoyote mapya. Aliongezewa namba, naye akaenda kuiulizia.

Kisangani hatuna upungufu wa wazazi wanaojua kudai. Upungufu wetu ni kwamba wamekusanyika mahali pamoja. Wenye kazi ya mshahara, wenye elimu ya chuo kikuu, wenye kujuana na divisheni, huwapeleka watoto wao kwenye shule chache zenye jina, nyingi zikiwa katika komuni ya Makiso. Collège Maele na Lycée Mapendano ni majina ambayo kila mkazi wa mji huu anayajua. Ni shule za umma, na sifa yao ni halali. Lakini mji una komuni sita. Mtoto wa Lubunga akitaka kusoma Makiso lazima avuke Mto Kongo kila asubuhi na kila mchana, kwa nauli. Mzazi anayesukuma toleka, baiskeli ya kubeba abiria, siku nzima hana nauli hiyo, basi mtoto hubaki katika shule ya karibu, pamoja na watoto wengine ambao wazazi wao nao hawana wa kumpigia simu. Familia zilizokimbia mapigano ya Wambole na Walengola yaliyozuka Lubunga mwaka 2023 ziko katika hali mbaya zaidi: ziliingia katika shule za watu wengine, hazijulikani, na hakuna anayezitaja siku ya kuchagua komite.

Marekani ilijaribu kutumia shule zenye mvuto kwa kusudi la kinyume, yaani kuwachanganya watoto badala ya kuwatenganisha. Mwaka 1968 shule ya msingi ya McCarver, katika mji wa Tacoma, iliboreshwa makusudi ili familia za Wazungu zivutiwe kuja kusoma katika mtaa wa Weusi bila kulazimishwa na mahakama. Njia hiyo ikaenea katika miji mingi. Mafunzo ya miaka iliyofuata ni kwamba shule inayovutia huchanganya watoto pale tu usafiri unapotolewa na taarifa zinapofika kwa kila mzazi. Vinginevyo hukusanya watoto wa waliojua mapema. Kwetu hakuna basi la shule wala fungu la kulilipia. Kwa hiyo njia tuliyonayo ni kuipeleka sauti ya mzazi kwenye shule ya karibu badala ya kumpeleka mtoto kwenye sauti.

Wapo watakaosema wazazi wa Kisangani ni maskini na hawana muda. Ni kweli, lakini ni watu haohao waliobeba shule kwa miaka thelathini. Hawakuwa na utajiri wakati ule. Kikao kimoja kwa muhula, kikipangwa alasiri ya Jumapili badala ya asubuhi ya siku ya soko, hakimzidi mtu nguvu. Wengine watasema mzazi asiyesoma hawezi kumsahihisha mwalimu. Hakuna anayemtaka asahihishe somo. Anatakiwa ajue kama mwalimu alikuwepo, kama darasa lina madawati, na kama pesa iliyoandikwa imefika. Hayo hayahitaji diploma.

Pingamizi zito ni jingine: komite yenyewe huweza kuwa mshirika wa mkuu wa shule dhidi ya wazazi. Historia ya motivasioni inaliunga mkono, na silipuuzi. Hapa, mfano wa Kenya unatusaidia. Kuanzia 2005, wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichunguza shule za magharibi mwa Kenya ambako komite zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa mkataba. Palipoachwa hivihivi, baadhi ya nafasi ziliangukia jamaa za walimu waliokuwepo, na walimu wa serikali wakalegea kwa kuona mzigo umepungua. Palipotolewa mafunzo mafupi kwa wazazi juu ya namna ya kuajiri na kufuatilia mahudhurio, matatizo hayo mawili yalipungua. Ushiriki peke yake hautoshi. Unahitaji uchaguzi wa kweli, muhula wenye mwisho, na hesabu inayosomwa hadharani.

Bado kuna wanaohofia kwamba mzazi akiingia, serikali itapata kisingizio cha kujitoa. Ingekuwa hivyo kama angeingia tena na pochi. Mimi namtaka aingie na madai. Elimu ya bure imeacha mashimo mawili makubwa ambayo wazazi wanayaona kila siku. La kwanza ni walimu wanaofundisha bila kuwemo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, wale wanaoitwa NU. Mzazi asipowatetea, wataacha kazi au watageukia michango ya chini kwa chini, na bure itakufa kimyakimya. La pili ni fedha za uendeshaji, yaani chaki, rejesta, ukarabati wa paa, ambazo zikichelewa mkuu wa shule hubaki na wanafunzi wengi na mikono mitupu. Barua moja ya mkuu wa shule huweza kukaa mezani mwa divisheni miezi mingi. Barua iliyotiwa saini na komite za wazazi za shule kumi za Mangobo, nakala kwa wabunge wa jimbo, ni vigumu zaidi kuikalia. Tena inawaondolea wazazi hofu ya kwamba mtoto wa aliyelalamika ataonewa darasani, maana jina la mtu mmoja halionekani.

Mikutano mikuu ya wazazi huitishwa mwaka wa masomo unapoanza, mwezi Septemba. Ndugu msomaji, nenda kwenye mkutano wa shule ya mtaa wako, hata kama mwanao anasoma Makiso. Uliza walimu wangapi hawalipwi, fedha za uendeshaji zilifika lini mara ya mwisho, na komite ilichaguliwa mwaka gani. Kisha omba majibu hayo yaandikwe na kubandikwa kwenye ukuta wa shule, na jina lako likipendekezwa kuingia komite, usikatae.