Je, Wajua Mrija Uunguzao Moyo?

Miongoni mwa zana walizozibuni matabibu wa karne iliyopita, hazipatikani nyingi zenye ujasiri kama mrija uitwao katheta ya kuunguzia. Unene wake haufiki milimita tatu, urefu wake wapita kidogo mita moja, na nchani mwake pana kipande cha madini kipitishacho umeme. Nao huingizwa katika vena ya kinenani, ukapanda taratibu kwa kufuata njia ya damu hata ukafika chumba cha juu cha kulia cha moyo, ukapenyezwa katika ukuta mwembamba utengao kulia na kushoto, kisha ukaanza kazi yake, ambayo ni kuichoma nyama ya moyo ulio hai na unaodunda, mahali palipochaguliwa kwa hadhari kubwa, mpaka nyama ile ife na kuwa kovu. Mwenye moyo huo aghalabu huwa katika usingizi wa nusukaputi, na sahihi ya idhini ameitia mwenyewe kwa hiari yake. Muradi wa makala haya ni kueleza kimfanyacho mtu mwenye akili timamu akubali kuunguzwa moyo, na, jambo lielezwalo kwa uchache zaidi, ni kitu gani hasa akipatacho kwa kukubali kwake.

Moyo mzima hutawaliwa na kifundo kidogo kilichomo juu ya chumba cha juu cha kulia, karibu na mlango wa vena kubwa iletayo damu kutoka kichwani na mikononi. Waingereza wawili, Arthur Keith na Martin Flack, walikieleza mwaka 1907, baada ya Flack kukiona katika moyo wa fuko. Kifundo hiki hutoa cheche ya umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Cheche huenea katika vyumba vya juu, hucheleweshwa kitambo kidogo katika kifundo cha pili kilichoko mpakani, halafu hushuka kwenye vyumba vya chini, ambavyo ndivyo visukumavyo damu mapafuni na mwilini. Ni mfano wa mtaa wenye muadhini mmoja: sauti yake isikikapo, kila mtu hujua kuwa wakati umeingia. Katika maradhi ambayo matabibu huyaita mpapatiko wa atiria, yaani mpapatiko wa vyumba vya juu, mtaa huo huzukiwa na waadhini mia kadhaa, kila mmoja akiadhini kwa saa yake. Cheche hufikia 300 hadi 600 kwa dakika. Vyumba vya juu huacha kupiga vikawa vinatetemeka tu. Na kile kifundo cha mpakani, kisichoweza kupitisha ghasia yote hiyo, hupitisha kiasi kikiwezacho pasipo mpango, hata mapigo ya mkononi yakawa mara mbio mara taratibu, mara makubwa mara madogo.

Wako wagonjwa wahisio kana kwamba kifua kimegeuzwa ndani nje, wakashindwa kupanda ngazi wala kulala; na wako wengine wasiohisi lolote, wakajulishwa habari zao na daktari aliyekuwa akiwapima jambo jingine kabisa. Aghalabu maradhi huanza kwa kuja na kuondoka, saa chache leo, siku mbili mwezi ujao, kisha vipindi vikarefuka na mapumziko yakafupika. Siri ya kurefuka huku ilidhihirika Maastricht, nchini Uholanzi, mwaka 1995, wataalamu walipowafanyia mbuzi majaribio ya kuusababisha mpapatiko kwa mashine. Mwanzoni kila kipindi cha mpapatiko kilidumu sekunde chache tu, kisha moyo ukarejea katika nidhamu yake. Lakini mashine ilipoendelea kuurudisha mpapatiko kila ulipokoma, mbuzi 10 kati ya 11 walifika hali ya kupapatika zaidi ya saa 24 pasipo msaada wowote, na wengi wao walifika hapo kwa muda wa kama juma moja. Mpapatiko, kwa hiyo, huzaa mpapatiko. Na asemaye kwamba atangoja kwanza aone, hana budi kufahamu kuwa kungoja nako ni uamuzi.

Dawa za kumeza ndizo zitanguliazo kwa wengi. Mashuhuri kati yake ni amiodaroni, iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1961 kutokana na uchunguzi wa mmea ambao Wamisri tangu kale waliutumia kwa maradhi ya mkojo. Nayo ina nguvu ya kustahiwa na madhara ya kustahiwa vilevile, kwa kuwa imejaa iodini na yaweza kuiharibu tezi ya shingo, ini na mapafu. Dawa nyingine ni pole zaidi, na aghalabu ni dhaifu zaidi. Mtu aliyejaribu moja, akajaribu ya pili, akapigwa shoti ya umeme kifuani mapigo yakanyooka kwa miezi miwili na kisha yakavurugika tena, ndiye aghalabu akaaye mbele ya daktari akasikia habari za mrija.

Kwamba mrija waweza kufika moyoni pasipo kumwua mwenye moyo, hilo lilithibitishwa na Mjerumani Werner Forssmann mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde. Alikuwa daktari kijana; mkuu wake alimkataza kufanya jaribio hilo; naye akajitia mwenyewe, katika vena ya mkono, mrija uliokusudiwa njia ya mkojo, akausukuma kiasi cha sentimita 65, kisha akashuka ngazi kwa miguu yake, mrija ukiwa umo ndani, mpaka chumba cha eksirei ili picha imshuhudie. Malipo yake ya awali yalikuwa dhihaka, na Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1956, pamoja na wenzake wawili wa Marekani walioiendeleza njia ile. Sina hakika kama ni hekima kumsifu mtu kwa uasi wa namna hiyo, lakini pasipo uasi ule huenda hospitali za leo zingekuwa maskini zaidi.

Hata hivyo, kufika moyoni ni jambo moja, na kujua pa kuunguza ni jambo jingine. Mwaka 1987, Mmarekani James Cox alipasua kifua, akaikata nyama ya vyumba vya juu na kuishona tena kwa mistari iliyopindapinda, ili cheche zikutane na kovu kila zigeukapo. Tiba ilifaa, ila ilikuwa pasuo kubwa. Fumbo lilifumbuliwa Bordeaux, Ufaransa, na Michel Haïssaguerre na wenzake, waliotoa matokeo yao mwaka 1998. Kwa wagonjwa 45 waliwinda asili za cheche za uasi, wakapata 69. Na kati ya hizo, 65 hazikuwa ndani ya chumba chenyewe, zilikuwa katika vena za mapafu, zile nne ziletazo damu safi katika chumba cha juu cha kushoto. Sababu ni kuwa nyama ya moyo haikomi mlangoni: huingia ndani ya vena hizo sentimita kadhaa, na huko hutoa cheche bila amri. Tangu hapo imeonekana kuwa hakuna haja ya kuwinda kila cheche. Kovu halipitishi umeme. Basi huchorwa duara la kovu kuzizunguka vena hizo milangoni, cheche zikaendelea kuzaliwa zikitaka, zisipate pa kutokea.

Namna kuu za kulichora duara hilo ni tatu. Ya zamani huipasha nyama joto kwa mawimbi ya redio, chembe zikafa joto lifikapo nyuzi 50 au zaidi. Ya pili hupuliza kifuko katika mlango wa vena na kukijaza gesi iliyo baridi, chini ya nyuzi 40 hasi, duara likafanyika kwa mgando mmoja. Na ya tatu, iliyoruhusiwa Marekani mwishoni mwa 2023, hutoa mishtuko ya umeme mifupi mno, ya volti nyingi, itoboayo ngozi za chembe za moyo ilhali chembe za umio na za neva zilizo jirani hustahimili zaidi. Kazi yote huchukua saa moja hadi nne kwa kadiri ya mbinu na moyo wenyewe, na wengi hurudi nyumbani siku ya pili.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe. Swali ambalo mgonjwa huliuliza kwanza ni kama atapona, na kwa maoni yangu daktari amjibuye kwa ndiyo tupu amesema neno kubwa kuliko ushahidi alio nao. Kwa mpapatiko ujao na kuondoka, takriban watu saba katika kumi humaliza mwaka wa kwanza bila kurudiwa baada ya kuunguzwa mara moja. Kwa mpapatiko uliokwisha kukita, idadi hupungua. Na kwa baadhi, nyufa ndogo hufunguka katika duara la kovu, kazi ikabidi irudiwe. Kuhusu maisha marefu, jaribio kubwa liitwalo CABANA, lililotangazwa mwaka 2019 na kuhusisha watu 2,204 katika nchi kumi, halikuonyesha kwa yakini kwamba walioelekezwa kwenye mrija walinusurika zaidi na kifo, kiharusi kizito, kutoka damu kwingi au moyo kusimama kuliko walioelekezwa kwenye dawa, ingawa zaidi ya robo ya hawa wa dawa waliishia nao kuunguzwa, na jambo hilo liliutia ushahidi ukungu. Kilichodhihirika ni kuwa waliounguzwa waliishi siku zao vizuri zaidi: pumzi ya kutosha, usingizi, kazi, na hofu kidogo. Lipo kundi moja ambalo kwalo hesabu ni tofauti, nalo ni la watu ambao moyo umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Katika jaribio la CASTLE-AF la mwaka 2018, vifo vilikuwa 13 katika mia kwa waliounguzwa na 25 katika mia kwa waliotibiwa kwa dawa. Basi asiyehisi lolote, na moyo wake wasukuma vema, ana sababu chache za kuharakisha. Na yule ambaye kila kipindi cha mpapatiko humlaza kitandani, au ambaye moyo wake umelegea, anazo nyingi.

Kosa lililoenea ni kudhani kuwa mrija humwachisha mtu dawa za kuzuia damu kuganda. Vyumba vitetemekavyo huiacha damu ituame, hasa katika kijifuko cha chumba cha kushoto, na bonge litokalo hapo likipanda ubongoni huleta kiharusi, ambacho wenye maradhi haya hukipata mara tano zaidi ya wenzao. Baada ya kuunguzwa kila mtu huendelea na dawa hizo kwa miezi miwili au zaidi, na baadaye uamuzi hufuata umri, shinikizo la damu, kisukari, na kama kiharusi kilikwisha kupita, si ubora wa mapigo pekee. Kwetu Afrika ya Mashariki lipo jambo la kuongeza: wengi huupata mpapatiko wakiwa bado vijana, kwa sababu homa ya baridi yabisi ya utotoni iliibana vali yao ya kushoto. Hao vali yao ndiyo itazamwe kwanza, na dawa yao ya damu ni ileile kongwe ya wafarini, kwani jaribio la INVICTUS la mwaka 2022 lilionyesha kuwa iliwahifadhi hai kuliko dawa mpya iliyoshindanishwa nayo.

Kadhalika kuna visababishi vifaavyo kutazamwa kabla ya kutia sahihi. Rais George Bush wa Marekani, yule baba, alipatwa na mpapatiko akikimbia kwa mazoezi mwaka 1991, ikagunduliwa kuwa tezi yake ya shingo ilifanya kazi kupita kiasi. Kilichotibiwa ni tezi. Pombe, unene, shinikizo lisilodhibitiwa, na kukatika pumzi kwa akoromaye usiku, vyote huulisha mpapatiko, na kuvipuuza ni kuunguza nyama leo ili iasi tena kesho.

Hatari za mrija hazifichwi na daktari mwaminifu. Kwa kadiri ya mmoja katika mia, damu huvuja na kuubana moyo ndani ya mfuko wake, ikabidi itolewe kwa haraka. Kiharusi cha papo hapo ni nadra zaidi ya hapo. Kinena huvilia damu. Neva ya kiwambo cha kupumulia hupooza, aghalabu kwa muda, hasa kwa njia ya baridi. Kwa hiyo ni haki ya mgonjwa kumwuliza daktari, bila kuona haya, ni wangapi awafanyiao kila mwaka, na ni wangapi waliodhurika. Moja katika hatari hizo ni adimu mno, lakini huja baada ya majuma mawili, matatu, pengine manane, mwenyewe akiwa amekwisha kujihesabu mzima: umio, unaopita nyuma kabisa ya chumba cha kushoto, huwa umeungua pamoja nacho, tundu likafunguka kati ya viwili hivyo. Dalili zake ni homa, maumivu ya kifua, taabu ya kumeza, ama kupooza kwa ghafla. Aonaye lolote katika hayo aende hospitali saa ileile, aseme waziwazi kwamba moyo wake uliunguzwa na lini, nao wampige picha ya CT kabla ya mtu yeyote kumwingiza kamera kooni, kwa sababu hewa ipulizwayo na kamera hiyo hupita tunduni ikaingia moyoni, na kutoka moyoni ikaenda ubongoni.