Mdhamini akiondoka, nani hubaki?

Mkulima anayemtegemea mnunuzi mmoja anajua uchungu wake: mnunuzi akifunga ghala, msimu umeharibika. Mashindano ya gofu ya Boise, jimbo la Idaho nchini Marekani, yameishi na hatari hiyo tangu yaanze mwaka 1990.

Ni mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa ngazi ya pili, wanaotafuta nafasi ya kupanda ngazi kuu ya PGA. Mwaka ule wa kwanza walipanda wachezaji 5 tu, waliochuma fedha nyingi zaidi msimu mzima.

Wadhamini wa ngazi hiyo hawakukaa. Ilianza na jina la Ben Hogan, ikaja Nike mwaka 1993, Buy.com 2000, Nationwide 2003, Web.com 2012 na Korn Ferry 2019. Mashindano mengi yaliyoanza pamoja na Boise yalikufa njiani.

Boise yalidumu, katika uwanja ule ule wa Hillcrest. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalipata mdhamini wa nyumbani: Albertsons, kampuni ya maduka ya vyakula iliyoanza na duka moja mjini hapo mwaka 1939. Zawadi, iliyokuwa dola 100,000 mwaka 1990, ilifika dola milioni 1.5 mwaka 2023.

Albertsons inapojitangaza uwanjani, inazungumza na wateja wake yenyewe. Ndugu mkulima, mnunuzi wa mbali mkaribishe, lakini usimdharau mwenye duka wa mjini kwako. Yeye ana sababu ya kubaki.