Kioo Kikubwa Kuliko Vyote Hakipakatiki

Neno "mpakato" limetoka kwenye kupakata: kumweka mtoto mapajani na kumtuliza. Sasa jaribu kuipakata Predator 21X. Acer waliionyesha Berlin mwaka 2016 kwenye maonyesho ya IFA, wakatamba kwamba ndiyo kompyuta mpakato ya kwanza duniani yenye kioo kilichopinda. Kioo kina inchi 21. Mashine nzima inapita kilo 8, ina kadi mbili za picha, na chaja zake ni mbili, zinachomekwa kwa pamoja. Bei iliyotangazwa mwanzoni mwa 2017 ilikuwa dola 8,999. Magoti yangekufa ganzi kabla hujafungua faili la kwanza.

Nimeitanguliza si kwa sababu ya uzito wake wala bei. Nimeitanguliza kwa sababu ya siri moja iliyomo kwenye zile inchi 21, siri ambayo wauzaji wetu wa Kariakoo hawaitaji na wanunuzi hawaiulizi. Inchi za kioo hupimwa mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kioo kirefu na chembamba kama ubao wa dukani kinaweza kuwa na inchi nyingi kisiwe na kimo. Predator ina pikseli 2,560 kwenda kwa mapana na 1,080 kwenda juu. Piga hesabu: upana wake unakaribia sentimita 49, kimo sentimita 20.7. Chukua kioo cha kawaida cha inchi 16 chenye uwiano wa 16 kwa 10. Kimo chake ni sentimita 21.5. Yaani jitu lile la Berlin, ukilisimamisha kando ya mashine ya inchi 16, kioo chake ndicho kifupi.

Kwa anayeangalia filamu hilo si neno. Kwa anayehariri video ni jambo zito. Programu za kuhariri karibu zote zimepangwa namna moja: picha juu, na chini yake mistari ya video na sauti imelala kama mikeka iliyotandikwa. Upana ukikosekana, unasogeza mstari kushoto au kulia, kazi inaendelea. Kimo kikikosekana, picha na mistari vinagombania nafasi. Ukipanua kimoja, kingine kinabanwa. Harusi ya kawaida ina kamera mbili, sauti ya mshereheshaji, muziki, na sauti ya ukumbi. Hiyo ni mistari mitano kabla hujaweka majina.

Ndiyo maana mashindano niliyotaka kuyaandika, ya nani ana kioo kikubwa zaidi, yaligeuka mikononi mwangu.

Mwanzo wake ulikuwa wa unyenyekevu. Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa sanduku la kilo 11 hivi lenye mpini, na ndani yake kioo cha inchi 5, kidogo kuliko cha simu ya leo. Kilionyesha herufi 52 kwa mstari. Waraka ukiwa mpana zaidi ulilazimika kuusogeza pembeni kama anayechungulia chumba kupitia tundu la ufunguo. Mwaka uliofuata ikaja GRiD Compass, iliyochorwa na Mwingereza Bill Moggridge, na kioo kikaanza kulalia juu ya kibodi kama kitabu kinachofungwa. Kioo kilikuwa cha inchi 6, pikseli 320 kwa 240, na bei ilikuwa dola 8,150. NASA waliinunua na kuipeleka angani. Mkunjo ule wa kitabu haujabadilika hadi leo.

Rekodi iliyotikisa soko kweli ilikuwa ya Januari 2003. Siku moja, jukwaa moja, Steve Jobs alitoa PowerBook mbili: ya inchi 12 na ya inchi 17, na hii ya pili Apple waliitangaza kuwa kompyuta mpakato ya kwanza duniani ya inchi 17. Tangazo la televisheni lilikuwa la kuchekesha. Yao Ming, mcheza kikapu mrefu kupindukia, ameketi ndani ya ndege na ile ndogo. Jirani yake Verne Troyer, mwigizaji ambaye kimo chake hakikufika hata mita moja, anafungua ile kubwa. Wahariri wa video waliipokea ile ya inchi 17 kama zana ya kazi, wakashikamana nayo miaka tisa.

Kisha Juni 2012 Apple wakaifuta. Siku ileile wakaleta ya inchi 15.4 yenye kioo walichokiita Retina. Malalamiko yalikuwa mengi, nami nilikuwa upande wa walalamikaji, hadi nilipokaa nikahesabu. Ile kubwa ya mwisho ilikuwa na pikseli 1,920 kwa 1,200, jumla milioni 2.3. Ile ndogo ilikuwa na 2,880 kwa 1,800, jumla milioni 5.2. Inchi zimepungua, picha imeongezeka zaidi ya maradufu. Sijui rekodi nyingine iliyovunjwa kwa kurudi nyuma namna hiyo.

Pikseli zilinifundisha kwa njia ya aibu. Nilikuwa na kompyuta ndogo ya inchi 11.6, pikseli 1,366 kwa 768, na ndugu mmoja akanipa kazi ya kuhariri video ya harusi yake. Nilikesha siku tatu. Kila kitu kiling'aa. Siku ya kuionyesha, familia yote imekaa sebuleni, televisheni ya inchi 55 ukutani, bibi harusi akatokea mlangoni mwa kanisa: ukungu. Kamera ilikuwa imelenga maua ya nyuma yake. Kwenye kioo changu sikuwa nimeuona ukungu huo, kwa sababu video ya 1,920 kwa 1,080 ilikuwa imefinywa kuingia kwenye kidirisha chenye pikseli robo tu ya hizo, na picha ikifinywa huonekana kali hata kama si kali. Nilikuwa na picha nyingine ya tukio lilelile kutoka kamera ya pili. Sikuitumia, kwa kuwa niliona hii imetulia zaidi. Shangazi aliniuliza kwa upole kama televisheni ndiyo mbovu. Sikujibu.

Kwa hiyo tuzo ya kioo kilichotesa watu wengi zaidi naitoa, bila kupepesa macho, kwa kile cha 1,366 kwa 768. Kina pikseli milioni moja na kidogo tu, nusu ya zile za video ya kawaida ya leo. Kiliwekwa kwenye mashine za inchi 11.6, za 14, hata za 15.6, ambako kila nukta inaonekana kama punje ya mchele. Mashine nyingi za ofisi za Ulaya na Marekani zilizostaafishwa zikaletwa kwetu zimekuja nacho, na muuzaji atakuambia, "Bosi, hii kumi na tano pointi sita, kioo kipana." Kipana, ndiyo. Kwa barua na mahesabu ya duka kinafaa. Kwa video mwombe ile yenye 1,920 kwa 1,080 hata kama ni ya inchi 14.

Hapohapo kuna jambo ambalo tepu ya fundi cherehani inalimaliza haraka kuliko maelezo. Kioo cha inchi 15.6 chenye uwiano wa 16 kwa 9, na cha inchi 16 chenye uwiano wa 16 kwa 10, vina upana uleule: sentimita 34.5. Tofauti yote iko juu. Cha kwanza kina kimo cha sentimita 19.4, cha pili 21.5. Umelipia nukta nne za inchi, umepata sentimita mbili za kusimamia mistari ya sauti. Uwiano wa 16 kwa 9 ulienea kwenye mashine hizi kuanzia 2008 hivi, viwanda vilipoona ni nafuu kukata vioo kwa umbo la televisheni. Ulichukua zaidi ya miaka kumi kuanza kuondoka.

Upande wa wadogo, bingwa wangu ni Toshiba Libretto ya mwaka 1996: inchi 6.1, gramu 840, nayo ilikuwa kompyuta kamili ya Windows. Asus Eee PC ya 2007 ilikuwa na inchi 7 na ilifungua mlango kwa wanafunzi wengi, ingawa kurasa nyingi za intaneti hazikuenea kwenye pikseli zake 800 za upana. Lakini iliyonivutia kuliko zote ni IBM ThinkPad 701 ya mwaka 1995. Kioo chake kilikuwa cha inchi 10.4, chembamba kuliko kibodi ya kutosha vidole vya mtu mzima. Badala ya kubana herufi, mhandisi wao John Karidis akaikata kibodi vipande viwili vilivyoteleza na kujifungua kama mbawa za kipepeo ukiinua kifuniko, hadi ikazidi upana wa mashine yenyewe. Iko kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya MoMA, New York. Vioo vilipopanuka muda mfupi baadaye, mbawa zile hazikuhitajika tena.

Katika wepesi, Fujitsu wa Japani walifika gramu 634 mwaka 2020 kwa mashine ya inchi 13.3. Ni kama chupa ya maji ya nusu lita na ziada kidogo. Kwa wanaotaka kioo kikubwa, LG Gram 17, iliyotoka mwanzoni mwa 2019, ilikuwa na kilo 1.34 tu na pikseli 2,560 kwa 1,600. MacBook Air ya inchi 13 ya wakati huo ilikuwa kilo 1.25, kwa hiyo ilikuwa ajabu ya kweli. Ila wepesi una pa kutokea. LG hawakuweka kadi ya picha ya peke yake, wala mitambo mizito ya kuipoza. Kwa kuandika na kusoma, raha tupu. Kwa kutoa video ndefu ya 4K, utangoja.

Betri nazo zina dari ambayo si ya kiufundi. Kanuni za usafiri wa anga huruhusu betri ya hadi saa-wati 100 kupanda nayo ndani ya ndege bila kuomba kibali, kwa hiyo kampuni husimama hapohapo. MacBook Pro ya inchi 16 imefika 99.6. Kioo kinaweza kukua hadi 18, betri haitakifuata.

Mafundi wengine walijaribu kuukwepa mgogoro wa kioo kikubwa na mashine ya kubebeka kwa vituko. Lenovo, mwaka 2008, waliiwekea ThinkPad W700ds kioo cha pili cha inchi 10.6 kilichovutwa kutoka ubavuni kama droo. Razer walikuja kwenye maonyesho ya Las Vegas Januari 2017 na mashine ya majaribio yenye vioo vitatu vya inchi 17.3, kila kimoja cha 4K. Mashine mbili za majaribio zikaibwa hukohuko kwenye maonyesho, na aina hiyo haikuwahi kuuzwa. Asus Zenbook 17 Fold ya 2022 inakunjwa katikati kama daftari.

Nilizicheka zote hadi Januari 2025, Lenovo walipoonyesha ThinkBook inayotanuka. Ukibonyeza, mota inakivuta kioo kutoka chini ya kibodi, na inchi 14 zinakuwa 16.7. Hakikui kwa mapana hata kidogo. Kinakua kwenda juu tu, kutoka pikseli 1,600 hadi 2,350. Video ya simu iliyosimama, ile ya TikTok na hadhi za WhatsApp, ina kimo cha pikseli 1,920. Kwenye kioo cha kawaida cha 1,080 haiwezi kuonekana kwa ukubwa wake halisi, hata kwenye jitu la Berlin. Kwenye hii inaenea yote, na chini panabaki nafasi ya mistari. Bei yake ni ya kuambiana kwa sauti ya chini, lakini huyo fundi aliyeamua mota ivute kwenda juu alikuwa amewahi kuhariri kitu.

Sasa mwenye bajeti ya mtu wa kawaida afanye nini? Anayeandika, kusoma, kufanya mikutano ya video na kupanda daladala, inchi 13 au 14 zinamtosha, mradi pikseli zisipungue 1,920 kwa mapana. Anayehariri kila siku na hana meza ya kudumu, achukue ya 16 yenye uwiano wa 16 kwa 10 na aulize kama kioo kinaonyesha rangi zote za sRGB. Vingi vya bei nafuu vinaonyesha kama theluthi mbili tu, na ngozi za watu hutoka kama majivu. Za 17 na 18 nampa tu mwenye gari. Na mwenye meza nyumbani, mimi nikiwamo, anunue ya 14 na monita ya inchi 24 pembeni, iliyotumika ikibidi. Kimo cha monita hiyo ni karibu sentimita 30.

Ile ya inchi 11.6 bado ipo. Binti yangu huipakata jioni na kuangalia katuni, nayo inamtosha mapajani kabisa.