Uzee katika Mafundisho ya Buddha (3): Mikono ya Ananda

Julai 6, 2025 Dalai Lama, kiongozi wa Ubuddha wa Tibet, alitimiza miaka 90 akiwa Dharamsala, India. Siku chache kabla alitangaza kwamba cheo chake kitaendelea baada yake, na China ikasisitiza kuwa mrithi sharti aidhinishwe na serikali yake. Magazeti yakajaa siasa. Mimi sherehe ile ya mwalimu mzee ilinirudisha kwa Ananda, mwanafunzi na mtumishi wa Buddha, tuliyemwacha sehemu iliyopita akimtumikia mwalimu wake.

Ipo hotuba fupi katika maandiko ya Kipali ambayo sichoki kuirejea. Ni jioni mjini Savatthi, na Buddha ameketi akiota jua mgongoni. Ananda anamkanda viungo, na huku akikanda anamweleza waziwazi anayoyaona: ngozi haina tena mng'ao, viungo vimelegea na kujaa makunyanzi, mgongo umepinda, hisi nazo zimebadilika. Buddha hamkemei. Anamjibu kwamba uzee ulikuwamo tangu ujanani, kama mauti yalivyomo ndani ya uhai. Waliohifadhi maandiko wangeweza kuificha habari hii ya mkuu wao. Hawakuificha, na kwa hilo nawaheshimu sana.

Buddha alipofika miaka 80, baada ya ugonjwa mkali uliompata kijijini Beluva, aliufananisha mwili wake na mkokoteni mkuukuu unaokwenda kwa kufungwafungwa kamba. Hata hivyo alitembea hadi Kusinara, na usiku wake wa mwisho, Ananda alipomzuia Subhadda, mtawa mzururaji aliyekuja kuuliza swali, asimchoshe mgonjwa, Buddha aliagiza aingizwe, akamfundisha.

Wapo wanaosema "yote hupita" huku wazee wao wakishinda bila mtu wa kuwasemesha. Wamelichukua neno, wameacha kazi iliyokwenda nalo. Ananda aliijua vizuri anicca, yaani hali ya kutodumu kwa vitu vyote, na bado alivikanda vile viungo. Mwalimu alipokaribia kufa, Ananda alijitenga akalia, naye akaitwa, akafarijiwa, akasifiwa kwa utumishi wake.

Kuhusu mrithi, Dalai Lama ameikabidhi taasisi yake ya Gaden Phodrang kazi ya kumtambua. Amefanya vyema kuyapanga haya hadharani angali hai, na wazee wetu nao wapewe nafasi ya kuyasema yao bila watoto kuwanyamazisha.

Sehemu ijayo itamhusu Ambapali, mrembo wa Vesali aliyekuwa mtawa, na shairi linalohesabiwa kuwa lake juu ya mwili uliozeeka.